Jicho Jekundu: Mwongozo Kamili wa Kulichunguza, Kulitibu na Kuwakinga Wengine

Unaamka asubuhi na jicho halifunguki. Kope zimegandana kwa matongotongo yaliyokauka usiku. Ukishazilainisha kwa maji ya uvuguvugu na kujitazama kwenye kioo, unakuta sehemu nyeupe ya jicho imekuwa nyekundu kote. Hapo swali linalowajia wengi ni moja: nitie dawa gani?

Naomba swali hilo lisubiri. Wekundu wa jicho ni dalili, na dalili hiyo huletwa na magonjwa mengi yasiyofanana. Mengine hupona yenyewe hata usipotia kitu, na mengine huharibu uwezo wa kuona ndani ya siku moja au mbili. Watu hutia dawa iliyobaki ya jirani kwa sababu tu jirani naye aliwahi kuwa na jicho jekundu, na hilo linaniuma, maana ni kosa linaloweza kumgharimu mtu jicho lake. Kwa hiyo hapa tunaanza na kuangalia. Dawa itafuata.

Mahali ugonjwa unapokaa

Ndani ya kope na juu ya sehemu nyeupe ya jicho kuna utando mwembamba, mwangavu, unaoitwa konjaktiva. Unaanzia ukingoni mwa kope, unaingia ndani, unajikunja, kisha unarudi mbele juu ya weupe wa jicho na kukoma pale inapoanzia konea, yaani kile kioo cha mbele kinachofunika duara la rangi na mboni. (Kwa sababu ya mkunjo huo, unyasi au lenzi ya kuvaa jichoni haiwezi kupotelea nyuma ya jicho, kama wengi wanavyohofia.)

Utando huo umejaa mishipa midogo ya damu ambayo siku za kawaida huioni. Ukishambuliwa na virusi au bakteria, au ukiudhiwa na vumbi, chavua au kemikali, mishipa hutanuka, utando huvimba, na jicho hutoa machozi, ute au usaha. Hiyo ndiyo konjaktivitisi, ugonjwa ambao wengi tunauita macho mekundu.

Shika jambo moja hapa, maana mengine yote yanalitegemea: katika konjaktivitisi ya kawaida konea ni nzima. Jicho linawasha, linachoma, linakereketa kama limeingia mchanga, lakini linaona vizuri na haliumi sana. Jicho jekundu linalouma kwa ndani, au lililopungukiwa na uwezo wa kuona, lina jambo jingine.

Hatua ya kwanza: pima hatari

Nawa mikono kwa sabuni. Kaa karibu na dirisha lenye mwanga mzuri, na ikiwezekana mtu mwingine akutazame. Futa ute wote kwanza, kisha funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza na usome maandishi yaliyo mbali kidogo. Badilisha jicho. Ukiona ukungu, pepesa mara kadhaa. Ukungu ukiondoka, ulikuwa ute tu. Ukibaki, huo si wa kupuuza.

Nenda kwa mtaalamu wa macho leo hii, usisubiri kesho, ukiona lolote kati ya haya:

- uwezo wa kuona umepungua, au unaona duara za rangi kuzunguka taa;
- maumivu makali, hasa yakiambatana na kichwa kuuma au kutapika;
- mwanga unaliumiza jicho kiasi cha kushindwa kulifungua;
- kuna doa jeupe au ukungu juu ya konea, au mboni ya jicho hilo hailingani na ya pili;
- usaha mwingi unaorudi dakika chache tu baada ya kuufuta;
- malengelenge kwenye kope, kwenye paji la uso au kwenye ncha ya pua;
- jicho limeumia, limerukiwa na kipande cha chuma au limeingia kemikali;
- unavaa lenzi za jichoni;
- mgonjwa ni mtoto wa chini ya siku 28.

Tazama pia wekundu umekaa wapi. Katika konjaktivitisi unakolea pembeni na ndani ya kope, kisha unafifia kadiri unavyoikaribia konea. Ukiona umejipanga kama pete kuizunguka konea, huenda shida iko kwenye konea yenyewe au ndani zaidi ya jicho. Jicho lenye presha iliyopanda ghafla huwa jekundu, gumu kama jiwe, linauma hadi mtu anatapika. Jicho la namna hiyo linaweza kupofuka kwa sababu mtu alikaa nyumbani akitia matone ya macho mekundu.

Kinyume chake, doa jekundu kama damu lililotokea ghafla, lisilouma wala kutoa ute, mara nyingi ni mshipa mdogo uliopasuka, pengine baada ya kukohoa au kupiga chafya. Linatisha kulitazama, lakini hufutika lenyewe kwa wiki moja hadi mbili. Likijirudia mara kwa mara, kapime shinikizo la damu.

Hatua ya pili: tafuta chanzo

Kama hakuna dalili ya hatari, jiulize maswali manne. Ni jicho moja au yote mawili? Linatoa nini? Linawasha au linachoma? Nani mwingine karibu yako anaumwa?

*Virusi.* Hawa ndio chanzo kikuu kwa watu wazima, na kinara wao ni adenovirusi, ambao pia huleta mafua na vidonda vya koo. Ugonjwa huanza jicho moja, na siku mbili tatu baadaye la pili linafuata, mara nyingi kwa ukali mdogo zaidi. Machozi ni mengi na mepesi kama maji. Gusa mbele kidogo ya sikio la upande unaoumwa: ukikuta tezi ndogo imevimba na inauma ukiibonyeza, virusi ndio wa kushukiwa kwanza. Kuna aina nyingine ya virusi, wa jamii ya entero, inayoanza ghafla ndani ya siku moja au mbili na kupasua vijishipa hadi weupe wa jicho unajaa damu. Aina hii ilitambuliwa mara ya kwanza nchini Ghana mwaka 1969. Kwa kuwa ndio mwaka chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, watu wakaupa ugonjwa jina la Apollo, na jina hilo limebaki hadi leo.

*Bakteria.* Hawa hupatikana zaidi kwa watoto. Ute ni mzito, wa njano au wa kijani, na unarudi mchana kutwa, si asubuhi tu. Kama mtoto mwenye usaha jichoni analalamika pia sikio, mwambie daktari, kwa sababu bakteria mmoja anaweza kusababisha yote mawili, na hapo matone ya jicho peke yake hayatoshi. Kundi la kuogopwa ni bakteria wa kisonono, wanaofika jichoni kwa mkono uliogusa sehemu za siri zenye maambukizi. Usaha wake humwagika, kope huvimba vibaya, na konea inaweza kutoboka ndani ya siku moja au mbili. Klamidia, nayo ya kuambukizwa kwa ngono, ni ya polepole: jicho jekundu lenye ute kidogo linaloendelea kwa wiki nyingi bila kukubali matone ya kawaida.

*Mzio.* Neno kubwa hapa ni kuwasha. Macho yote mawili yanawasha kwa pamoja, mtu anayasugua bila kukoma, kope zinavimba, ute ni mweupe na unavutika kama uzi. Pua nayo huchuruzika na kupiga chafya. Kuna aina kali inayowapata zaidi watoto wa kiume katika maeneo ya joto na ukavu, ambapo ukigeuza kope la juu unakuta manundu yamepangana kama mawe ya sakafuni. Manundu hayo yanaikwaruza konea kila mtoto anapopepesa, hivyo anahitaji kufuatiliwa na daktari wa macho, hata kama watu wazima watasema ataacha akikua.

*Kemikali na vitu vya kukera.* Moshi, klorini ya bwawani, sabuni, vipodozi. Hapa historia yenyewe inasema.

Nimetaja rangi ya ute, lakini usiifanye hakimu. Jicho la virusi nalo linaweza kuamka limegandana na kuonekana lina usaha, na huku ndiko antibaiotiki nyingi zinakopotea bure. Ute uliokauka asubuhi pekee hauthibitishi bakteria. Tezi mbele ya sikio, mafua yaliyotangulia na mwenzako nyumbani mwenye hali hiyohiyo vina uzito zaidi.

Kwa mtoto, usisahau surua. Homa, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi, kisha vipele vinavyoanzia usoni: huyo apelekwe kituo cha afya. Surua inaweza kuharibu konea, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, ndiyo maana watoto wenye surua hupewa vitamini hiyo.

Ukifika hospitalini, daktari atapima uwezo wako wa kuona, atageuza kope, na atatazama jicho kwa darubini yenye mwali mwembamba wa mwanga. Huenda akagusisha rangi iitwayo fluoresini na kulimulika kwa mwanga wa bluu. Pale konea ilipochubuka panang'aa kijani. Mchoro wa kidonda ukitokea kama matawi ya mti, hiyo ni hepesi, yaani virusi wanaoleta malengelenge mdomoni. Usishangae asipochukua kipimo cha maabara. Ute hupelekwa maabara hasa kwa mtoto mchanga, kwa usaha mwingi kupita kiasi, au kwa ugonjwa uliogoma kupona.

Hatua ya tatu: safisha jicho

Hii ndiyo tiba ambayo kila jicho lenye ute linahitaji, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Andaa vipande vya pamba au shashi safi, vingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Mgonjwa afumbe jicho. Lowanisha pamba, ikamue kidogo, iweke juu ya kope na uiache hapo kama dakika mbili. Usibandue magamba makavu kwa kucha. Yakishalainika, futa mara moja tu, kutoka kona iliyo karibu na pua kuelekea nje, kisha tupa pamba hiyo. Chukua nyingine, futa tena, tupa. Kurudia pamba ileile ni kuurudisha uchafu jichoni. Jicho la pili liwe na pamba zake. Ukimaliza, nawa mikono. Rudia kila ute unapojaa.

Kama macho yanawasha au yamevimba, kitambaa safi chenye maji baridi kwa dakika tano hadi kumi huleta nafuu kubwa. Usilifunge jicho kwa bandeji, kwani joto na unyevu wa ndani ndivyo bakteria wanavyovipenda. Na tafadhali usitie mkojo, maziwa ya mama, mate, limau wala maji ya majani yaliyotwangwa. Vidonda vya konea vinavyoacha kovu na upofu mara nyingi huanzia kwenye dawa za namna hii, kwa jicho ambalo pengine lingepona lenyewe.

Hatua ya nne: tibu kulingana na chanzo

Kwa *virusi* wa kawaida hakuna dawa ya kuwaua. Mwili unawashinda wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu, na siku tatu hadi tano za mwanzo hali inaweza kuzidi kabla ya kutulia. Kusafisha, kitambaa baridi na matone ya machozi bandia vinatosha. Antibaiotiki haiwagusi virusi. Hepesi ni tofauti: ina dawa yake, na inatolewa na daktari.

Kwa *bakteria*, wagonjwa wengi wangepona bila dawa ndani ya siku 7 hadi 10, lakini antibaiotiki hufupisha muda huo na kupunguza kuambukiza. Zinazotumika sana ni matone ya kloramfenikoli ya asilimia 0.5, ambayo kwa kawaida hutiwa kila baada ya saa mbili kwa siku mbili za mwanzo ukiwa macho, kisha mara nne kwa siku, jumla siku tano. Kuna pia dawa ya mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1. Fuata kipimo ulichoandikiwa. Kama siku ya tatu hakuna mabadiliko yoyote, usiongeze matone. Rudi ukaangaliwe.

*Kisonono na klamidia* za jicho hazitibiwi kwa matone peke yake. Kisonono kinataka sindano, na jicho lioshwe mara kwa mara. Klamidia inataka vidonge. Mwenzi naye atibiwe, la sivyo ugonjwa utarudi. Trakoma, ile ambayo wengine huiita vikope, inasababishwa na klamidia ya aina nyingine, isiyohusiana na ngono. Inapitishwa kwa mikono, vitambaa na nzi, na ikirudiarudia utotoni huacha makovu yanayoukunja ukingo wa kope kwa ndani hadi nywele za kope zinaikwaruza konea. Hutibiwa kwa azithromaisini, pamoja na kunawa uso na usafi wa mazingira.

Kwa *mzio*, kwanza jitenge na kinachouchokoza, na acha kusugua. Matone ya kuzuia mzio kama olopatadini au ketotifeni hufanya kazi haraka. Kromoglaiketi huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kabla ya kuonyesha nguvu, kwa hiyo anayeiacha siku ya tatu akisema haifai hajaipa nafasi.

Kwa *kemikali*, usitafute dawa wala maziwa. Osha. Fungua jicho kwa vidole na umimine maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 30 bila kusimama, hapohapo ulipo, kisha ndipo uende hospitali. Chokaa, saruji na magadi ya kutengenezea sabuni ni hatari kuliko asidi nyingi, kwa kuwa huendelea kuzama ndani ya jicho.

Sasa jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine: steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na wekundu. Matone mengi yanayouzwa kwa macho mekundu yamechanganywa antibaiotiki na steroidi, na majina ya steroidi kwenye kichupa mara nyingi huishia na -sone au -lone. Ukitia, jicho linakuwa jeupe upesi na kuwasha kunakoma, hivyo mtu anaamini amepata dawa bora. Lakini kama ndani kulikuwa na hepesi au fangasi, steroidi imeyafungulia mlango. Ikitumika kwa wiki nyingi inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, tena kimyakimya. Madaktari wa macho huzitumia kwa sababu nzuri, wakiwa wamelitazama jicho kwa darubini na wakipima presha yake. Bila hayo mawili, kiache kichupa.

Hatua ya tano: tia dawa ikae

Nawa mikono. Lala chali au inamisha kichwa nyuma. Vuta kope la chini kwa kidole hadi kitokee kijifuko. Tazama juu, dondosha tone moja katikati ya kijifuko, na ncha ya chupa isiguse kope wala unywele wake. Tone moja linatosha, maana ni kubwa kuliko jicho linavyoweza kubeba, na la pili litatiririka shavuni. Fumba taratibu bila kukaza, bonyeza kwa kidole kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie puani. Dawa nyingine isubiri dakika tano. Ya mafuta iwe ya mwisho, na tegemea ukungu kwa muda mfupi.

Kwa mtoto anayekataa kufumbua, mlaze, dondosha tone kwenye kona ya ndani ya jicho lililofumbwa, kisha subiri. Akifumbua, dawa itaingia yenyewe, bila vita.

Chupa ikishafunguliwa, kwa kawaida hutupwa baada ya wiki nne. Ni ya mtu mmoja.

Hatua ya sita: walinde wengine

Adenovirusi hushikilia kwenye vitasa, simu na meza kwa siku nyingi, hata wiki. Ugonjwa hauruki kutoka jicho hadi jicho kwa kutazamana, kama inavyosemwa. Unapita kwa mkono: umefuta jicho, umeshika kitasa, mwenzako amekishika, naye akajisugua. Nyumbani kwetu ulipoingia, tulitenganisha taulo siku ya kwanza na kujiona tumemaliza. Uliendelea hadi tulipotambua kwamba watoto walikuwa wakipeana simu ileile kutwa nzima.

Basi: taulo na mto wa peke yake, foronya ibadilishwe kila siku, vyombo vinavyoshikwa na wengi vifutwe kwa maji yenye dawa ya klorini. Sabuni na maji hutangulia. Jeli ya mikono yenye alkoholi haimmalizi adenovirusi kwa uhakika kama inavyowamaliza wadudu wengine. Wanja, maskara na lenzi vilivyotumika wakati wa ugonjwa vitupwe. Mwenye jicho linalotoa machozi au ute akae mbali na bwawa la kuogelea, na kazi au shule inayogusanisha watu kwa karibu isubiri hadi jicho likauke. Kwa virusi, uwezo wa kuambukiza unaweza kufika wiki mbili.

Mtoto mchanga

Usaha jichoni mwa mtoto wa chini ya siku 28 ni dharura, hata akionekana anacheza. Kisonono huonekana zaidi kati ya siku ya 2 na ya 5, klamidia kati ya siku ya 5 na ya 14, na yote mawili huyapata njiani anapozaliwa. Klamidia inaweza kushuka hadi mapafuni. Mtoto, mama na baba wote wanahitaji tiba. Daktari Mjerumani Carl Credé, mwaka 1881, alichapisha jinsi tone la nitrati ya fedha baada ya kuzaliwa lilivyoushusha ugonjwa huu hospitalini kwake Leipzig kutoka karibu mtoto 1 kati ya 10 hadi chini ya 1 kati ya 100. Leo kazi hiyo hufanywa na dawa ya mafuta ya antibaiotiki, kama tetrasaiklini, inayopakwa mara tu mtoto anapozaliwa. Mkunga asipoipaka, mwulize.

Jicho moja la mtoto mchanga linalotoa machozi tu, bila wekundu wala uvimbe, kwa kawaida lina njia ya machozi ambayo haijafunguka. Nalo pia lionyeshwe, ila bila hofu.

Baada ya kupona

Adenovirusi kali huweza kuacha vidoa hafifu kwenye konea. Wekundu umekwisha, ute umekauka, lakini taa za usiku zinakuumiza na maandishi hayatulii, wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Jicho la hivi linahitaji kutazamwa tena kwa darubini, na lile tone lililobaki kwenye kichupa cha mara ya kwanza halilihusu.